Mama-Mukwe Ndani ya Nyumba ya Buloni

Vijana, mnanijia na simu mkononi. "Papa Kakule, angalia hii nyumba! Banaijenga mu usine, banaibeba na kamyo, inasimama siku moja!" Ninavaa miwani, ninatazama picha, halafu ninacheka mpaka kifua kinauma. Eti mambo mapya. Mimi nilijenga nyumba za namna hiyo hapa Rughenda, Butembo, tangu wakati meno yangu yote yalikuwa bado kazini. Usine, yaani kiwanda, sikuwa nayo. Nilikuwa na ua wangu, mbao za kalitusi, na mbuzi wa mke wangu ambaye alikula kamba yangu ya kupimia mara nyingi kuliko nilivyoitumia.

Donc, basi, mnauliza: tujenge ya vipande ama ya matofali? Nitajibu, lakini kwa kuzunguka. Mzee akikujibu moja kwa moja, ujue ana njaa.

Kwanza mjue namna niliingia katika kazi hii. Wengine watawaambia waliitwa na ufundi. Mimi niliitwa na kitanda changu. Sipendi kulala kwingine. Seremala wa kawaida hufuata kazi: leo Lubero, kesho Oicha, analala juu ya gunia kwa mtu, anakula sombe, kisamvu chenye mkono wa mama asiyemjua. Nikasema hapana. Nyumba ndiyo isafiri, mimi nibaki. Ndege zinashuka hapa karibu na paa langu, uwanja wao uko pale, na sijawahi hata siku moja kuzionea wivu. Maskini, hazina kwao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ukuta mzima unautengeneza chini, umelala: fremu ya kalitusi, mbao zinapigiliwa juu yake, nafasi ya dirisha inaachwa. Ukuta mrefu unaukata vipande ambavyo watu wawili wanaweza kubeba bila kutukanana. Kwenye kona hupigi msumari. Unatoboa tundu, unaingiza buloni, ile bolti yenye nati, unakaza na ufunguo. Siku mtu akitaka kuhama, anafungua, anapakia, anaenda. Mvua ikinyesha, mwenye kujenga matofali anakaa anahesabu matone, wewe unaendelea chini ya hangari, banda lako la kazi, na chai yako pembeni.

Mazuri hayo. Mabaya sasa? Ukuta wa mbao hauheshimu upepo. Siku moja mimi na Katembo, mwenzangu wa kazi, tulibeba kipande cha ukuta juu ya kichwa tukipita kando ya uwanja wa ndege. Upepo ukaingia chini yake. Katembo alikuwa mwembamba siku zile; miguu yake iliacha ardhi, naapa. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akasema, "Papa, hii ndege yenu inaenda wapi?" Tangu siku hiyo tulibeba ukuta ubavuni, makali mbele, kama mtu anayebeba mlango. Mshike hiyo; haiko katika simu zenu.

Aliyenifundisha ni Mzee Paluku, Mungu amlaze vizuri, mtu mwenye vidole saba na maneno machache. Sheria yake kubwa: "Simamisha kwako kwanza, ndipo upeleke." Yaani nyumba nzima uikaze uani kwako, uitazame, uifungue tena, ndipo ipande kamyo. Mimi kijana nikaona ni kupoteza nguvu. Nikatuma nyumba moja Lubero bila kuisimamisha. Kule wakaikaza, wakakuta ina milango miwili na haina dirisha hata moja. Mwenye nyumba alituma mtu aniulize: "Mulango moja ni ya kuingia, ingine ni ya kutoka, hiyo tunaelewa. Mais, lakini sasa, mwangaza ule utabisha hodi wapi?"

Basi nikawa mwanafunzi mzuri. Kila nyumba nikaisimamisha uani. Na ni sheria hiyohiyo nzuri ya Mzee Paluku iliyotaka kuniua. Sikilizeni.

Alikuja Hadji Ramazani wa Beni, mwenye makamyo. Mtu mkubwa, mwenye kucheka kwa tumbo. Alitaka nyumba ya vyumba viwili na sebule kwa ajili ya mwanawe Yusufu aliyekuwa anaoa. Mama ya bibi-arusi alisema wazi kwamba binti yake haingii katika chumba cha kupanga: kama hakuna nyumba, siku ya ndoa wabaki na biriani yao. Na siku ilikuwa karibu. Kwa matofali hata msingi usingekauka.

Nikamuuliza, kwa sababu watu wa biashara hupenda kujenga durable, matofali na sementi, majirani waone: "Hadji, na kisha arusi? Utabomoa ujenge ya matofali?"

Akaacha kucheka. "Kule Mbau nilijenga ya matofali, Kakule. Nzuri. Banasema iko bado imesimama." Akatazama buloni mkononi mwangu. "Vita ilipofika, nyumba ilisimama. Mimi ndiye sikusimama. Huyu mutoto wangu nataka apate nyumba yenye kujua kukimbia."

Nilimwambia tu, "Itakuwa tayari." Na mimi nikisema itakuwa tayari huwa ninamaanisha, kwa sababu mteja asipopata nyumba yake atanifuata nyumbani, na nyumbani ndipo niko siku zote.

Tukaifanya, mimi na Katembo. Tukaisimamisha uani, mabati juu, mlango na kitasa. Ikanukia mbao mpya ua mzima. Kesho yake ilikuwa tuifungue. Na jioni hiyo, kabla jua halijaingia, akafika mama-mukwe wangu, Mama Masika, kutoka Masereka, na gunia la viazi, kabichi, na magoti yake yanayouma. Alikuja kutibiwa magoti na kumtazama binti yake, Kavira wangu.

Hapa ninawaeleza ninyi wa siku hizi mnaopiga picha mashavu kwa mashavu na mama-wakwe zenu. Kwetu wakati wetu mwanaume hakumtazama mama-mukwe usoni. Ulisalimu ukitazama pembeni, mbali kidogo. Hukuingia mahali anapolala, hukugusa kitanda chake, hukumbishia. Jibu lilikuwa moja: "Ndiyo, mama." Akisema mvua inanyesha na jua linawaka, unachukua mwavuli.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mbao nikitazama mbuzi, kwa heshima. Nikasikia sauti yake:

"Mukwe wangu, hii nyumba mupya, ni weye uliisimamisha?"

"Ndiyo, mama."

"Haina mutu ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Donc sitabanana na batoto mu ile chumba ya moshi. Wasingya, mukwe! Asante kabisa! Ulifikiri magoti yangu."

Na mimi, mbele ya mbuzi, nikasema nini? Mnajua nilisema nini.

Nilipogeuka, kitanda kilikuwa kimeingia. Rozari imening'inia kwenye msumari. Alikuwa ananyunyiza maji ya baraka kila kona, ndani ya nyumba ya Waislamu wa Beni.

Nilimkimbilia Kavira jikoni. "Mama yako ameingia nyumba ya Hadji!"

"Ulimuambia aingie."

"Nilimuambia ndiyo!"

"Ni nini tofauti?" Akaendelea kusonga bugali. "Mimi siende kumutoa mama yangu mu nyumba yenye alishamaliza kubariki. Weye uliitika, weye umutoe."

Nikamwendea Katembo. Yeye si wa kuogopa mtu. Lakini kuna jambo sijawaambia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau: Katembo alioa mdogo wake Kavira. Yeye pia ni mukwe! Karakana yangu nzima ilikuwa ya wakwe wa mama mmoja. Tulisimama asubuhi na funguo zetu za buloni, tumeipa nyumba migongo, kama askari wanaolinda benki.

"Ingia weye," Katembo akasema. "Weye ulioa wa kwanza."

"Weye ndiye kijana. Magoti yako yanainama."

"Ata mulango siwezi kushika. Kitambaa chake cha kichwa kiko kwenye kitasa."

Hakuna aliyeingia. Siku zikapita. Kila asubuhi mama alitoka, akaketi mlangoni juani akimenya viazi, akitusifu kwa wapita njia. Watu wa Rughenda walianza kusema Kakule ni mfano, amemjengea mama-mukwe nyumba. Padri alinipa mkono baada ya misa. Kule Beni, Yusufu alikuwa anafyeka kiwanja. Nilipungua mpaka suruali ikahitaji kamba, na kamba mbuzi alikuwa amekula.

Asubuhi moja kamyo ikapiga honi. Hadji mwenyewe, na wapakiaji wake. Nikajificha nyuma ya rundo la mbao. Si ujanja, lakini ndiyo miguu ilivyoamua. Katembo alikuwa ameshatangulia huko. Alisogea kunipa nafasi.

Tukamsikia Hadji: "Salamu, mama. Habari ya asubuhi?"

"Muzuri tu, papa. Karibu kwangu."

"Kwako?" Akatazama kitambaa kwenye kitasa. "Unaishi humu, mama?"

"Ni mukwe wangu alinijengea."

Nikafumba macho. Katembo akafanya ishara ya msalaba. Lakini Hadji ni mfanyabiashara. Mfanyabiashara hapigi kelele kabla ya kuuliza bei ya kitu. Akauliza pole pole:

"Na iko namna gani, mama, hii nyumba? Uniambie kweli. Maana mi nataka ya kama hii."

Vijana, nimekaa katika kazi hii miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuieleza nyumba ya vipande vizuri kama mama yule wa Masereka, kisu mkononi, kiazi mkononi.

"Papa, sikia. Muzuri yake: nilifika jioni, nikalala jioni ile. Ya matofali mupya inakutolea maji mu ukuta mwaka mzima, unakohoa kama mbuzi. Hii imekauka. Unataka kutundika kitu, unapiga musumari, bas. Na tetemeko ilipita juzi, ile kadogo. Nyumba ya binti yangu ilipasuka juu ya mulango, hii ilicheza tu kidogo, ikakaa tena."

"Na mubaya?"

"Ooh! Mvua ikinyesha juu ya bati, rozari yangu mwenyewe sisikie. Asubuhi baridi ya Butembo inaingia katikati ya mbao, inanitafuta magoti. Inajua fasi yanakaa! Mulango unalia. Mutu akikohoa kule sebuleni, ni kama amekohoa mu sikio yako. Humu batu bapya ba ndoa hawawezi kuambiana siri. Na pale chini mbao inagusa udongo. Muchwa bakifika, banakula nyumba bila kubisha. Mukwe wangu ni mutoto muzuri, mais hapana kufikiri mambo ya chini."

Hadji akaanza kucheka, ile ya tumbo. "Mama, nimenunua vitu vingi. Lakini kitu chenye kuwa na shahidi alishalala ndani, ni mara ya kwanza." Kisha akamwambia. Akamweleza ndoa, mama ya bibi-arusi, Mbau, na nyumba yenye kujua kukimbia. Hakupandisha sauti. Nilipochungulia, kisu cha mama kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Kakule!" akaita. Jina, si mukwe. Nikatoka, nikitazama mbuzi.

"Hii ni nyumba ya bibi-arusi?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye unaniacha ninalala ndani yake?"

"Ndiyo, mama."

"Ungenyamaza mpaka nifie humo?"

Kavira, mlangoni pa jikoni, alikuwa amejaza kanga mdomoni asicheke.

"Nd... ndiyo, mama."

Akainuka. Magoti yakalia kama ule mlango. Akaingia, akatoa rozari, akatoa kitambaa, akawaita wapakiaji wa Hadji, ambao hawakuwa wakwe wa mtu pale, wakatoa kitanda. "Papa Hadji, nilimwaga maji ya baraka. Utanisamehe."

"Mama, baraka haina kosa. Ikizidi, mvua ya Beni itaosha."

"Muzuri. Mais haipandi kamyo bila kutengenezwa yote nilisema." Akahesabu kwa vidole: vibao vyembamba juu ya kila mwanya wa mbao, mlango upigwe randa, dari ya mbao za triplex chini ya bati, mawe chini ya fremu isiguse udongo. "Na neno ya mwisho. Nyumba ya bibi-arusi haitumwi kama gunia ya viazi. Mukwe, utaenda nayo Beni. Utaisimamisha na mikono yako, mpaka aingie."

Beni! Mimi! Kitanda changu kilinilia kutoka chumbani. Hadji alinitazama, Katembo alinitazama, hata mbuzi. Na kwa mama-mukwe kuna jibu moja.

Tulifanya kazi mpaka mikono ikawa myekundu, ndipo tukapakia. Njiani nilikaa na Katembo juu ya ukuta wa sebule, nikishika kamba, nikihisi kila kilomita kama jino linalong'olewa. Kadiri tulivyoteremka joto likapanda. Koti la Butembo nikalivua, kisha sweta, nikafika Beni nikiwa mtu mwingine.

Yusufu alikuwa ameapa kwamba kiwanja ni sawa kama meza. Kama ni meza, basi ilikuwa na miguu ya aina tatu. Matofali unayadanganya na sementi. Nyumba ya vipande haidanganyiki. Fremu ikiinama kidogo, matundu hayakutani, na buloni inakuangalia tu. Tulipanga mawe, tukapima usawa na mpira wa maji, tukapanga tena. Hapo mjue: kabla ya kukata ubao wa kwanza, nenda mwenyewe uone ardhi. Ninawaambia hivyo mimi ambaye sikwenda.

Na joto! Kalitusi iliyokatwa katika ukungu wa Butembo, ikikutana na jua la Beni, inajikunja kama mtu aliyesikia bei. Mbele ya macho yangu mianya ikafunguka katikati ya mbao. Bila vile vibao vya mama, jirani angeona bibi-arusi kutoka barabarani. Vilifunika yote. Nilivigusa kimoja kimoja, nikasema, wasingya, mama.

Honi za arusi zikasikika nikiwa juu ya paa na Katembo, tunakaza bati la mwisho. Kabla ya kushuka, ua umejaa wanawake. Ngazi iko chini, imezungukwa na vitambaa na vigelegele. Nani ateremke katikati yao na suruali ya kamba? Tukalala kifudifudi. Nilihudhuria arusi ile kutoka juu ya bati la moto, tumbo langu likiiva upande mmoja.

Nikaona mama ya bibi-arusi anasogea. Hakuingia. Akagonga ukuta na ngumi. Akausukuma na bega, mara ya kwanza, mara ya pili. Chini yangu nyumba ikacheza kidogo, kisha ikakaa. Akainama kutazama mawe. Akafungua mlango, akaufunga, akaufungua. Haukulia.

"Haya," akasema. "Ingia, mwanangu."

Vigelegele. Hadji akatazama juu, akatuona, akageuka haraka ukutani mabega yakitikisika. Alitutumia biriani kwa kamba.

Sasa mnadhani yamekwisha. Nilirudi Butembo kesho yake mbio kama ng'ombe anayenusa zizi. Nikapita mlango wangu, nikapita jikoni, nikashika kitasa cha chumba changu.

"Usiingie," Kavira akasema. "Mama ako mule."

"Mule wapi?"

"Mu chumba yetu. Nyumba yake ilienda. Umetaka alale na mbuzi?"

Nilisimama mbele ya mlango wa chumba changu mwenyewe. Upande wa pili wa mlango kulikuwa na kitanda changu, ambacho kwa ajili yake nilichagua kazi, nikakataa safari, nikakataa ndege. Juu yake alikuwa amelala mtu ambaye siwezi kuingia alipo. Nililala karakana, juu ya maranda ya kalitusi, na mbuzi akaja kuniangalia.

Donc, mliuliza faida. Faida ya nyumba ya vipande ni kwamba inasimama upesi. Mimi na Katembo hatujawahi kujenga upesi kama wiki ile. Nyumba ya mama ilikuwa na dari, vibao, mawe chini, mlango wa kimya, na ubao mara mbili upande wa magoti. Alipoingia na rozari yake nilikuwa nyuma ya rundo la mbao, natazama pembeni.

"Mukwe, hii sasa ni yangu kabisa? Hakuna bibi-arusi nyuma yake?"

"Ndiyo, mama."

Iko pale hadi leo, mkitoka mtaiona. Itazameni kona zake vizuri, ninyi mnaotaka kujifunza. Hamtakuta buloni hata moja. Nilipigilia misumari.